Albamu ya kujitegemea: pesa zianzie kwenye kile kisichorekebishika

Programu za kutenganisha na kusafisha sauti zimekuwa bure au karibu bure. Unachukua wimbo uliorekodiwa kwa simu, unauingiza kwenye laptopu, na baada ya dakika chache una vokali peke yake, dramu peke yake, besi peke yake. Programu nyingine hupunguza mwangwi wa chumba, nyingine humasta wimbo mzima, yaani kuupa umaliziaji wa mwisho kabla ya kutolewa, na chai haijapoa. Hali hiyo imezaa kauli inayorudiwa kila wanapokutana wanamuziki wa Nairobi wasio na lebo: studio imekufa, nunua maiki, jifungie chumbani Umoja au Kasarani, toa albamu. Wanaopinga hujibu kwamba albamu ya chumbani haitawahi kusimama kando ya zile za kimataifa. Naona pande zote mbili zimeshika jambo hili kinyume. Kadiri kurekebisha na kumalizia kunavyokuwa rahisi, ndivyo thamani inavyohamia kwa yale ambayo hakuna programu inayoyarekebisha: mpangilio wa wimbo, uchezaji wenyewe, na chumba ambamo sauti ilinaswa. Mwanamuziki anayejilipia hana haja ya kuchagua kati ya studio na nyumba. Ajiulize, ala moja baada ya nyingine, ni sauti ipi ikiharibika leo haitaokolewa kesho, kisha pesa zake zianzie hapo.

Ubishi wenyewe una historia. Katika miaka ya 1960 na 1970, bendi zilizorekodi mjini, nyingi zikiuza santuri zake kupitia maduka ya River Road, ziliingia chumba kimoja zikapiga pamoja. Mashine za kanda zilikuwa na njia chache za kunasa kila ala peke yake, kwa hiyo mpiga besi akikosea, wote walianza upya. Bendi ilikuja ikiwa imeiva kwa kuwa haikuwa na njia nyingine. Santuri ya mizunguko 45 ilibeba dakika chache tu kila upande, ndiyo maana nyimbo nyingi za benga na rumba zilikatwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Kompyuta ilipoingia, mambo yakageuka. Genge ya Calif Records na kapuka ya Ogopa Deejays, mitindo ya muziki wa vijana wa Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilitegemea prodyuza mmoja aliyejenga mdundo mzima kwenye kompyuta, na gengetone iliyolipuka mwaka 2018 ikashusha gharama zaidi. Muziki huo haukupungukiwa na kitu kwa kukosa ukumbi mkubwa, maana dramu zake hazikupigwa na mtu ndani ya chumba chochote. Lakini uliacha mazoea. Leo mtu akisema "studio" anamaanisha mahali pamoja, mtu mmoja, na bei moja kwa wimbo inayofungasha mdundo, kurekodi, miksi (kusawazisha ala zote pamoja) na masta. Kifurushi hicho kinamfaa rapa. Bendi ya watu sita, au mpiga nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Waluo, ikikinunua bila kukifungua, italipia vitu isivyovihitaji na kukosa vile inavyovihitaji.

Ukiipasua albamu ya bendi utakuta kazi nne. Kuna maandalizi, yaani kuamua wimbo utakavyokaa kabla maiki haijawashwa. Kuna msingi, ambao ni dramu, besi na gitaa za kushikilia mwendo, watu wakipiga pamoja. Halafu kuna vokali na nyongeza, na mwisho miksi na masta. Kazi hizi hazitaki chumba kimoja, wala mtu mmoja, wala malipo ya aina moja.

Maandalizi hayahitaji studio hata kidogo, na ndiyo yanayorukwa kuliko yote. Yakifanywa vizuri kila wimbo huwa na karatasi yake: ufunguo, kasi kwa mapigo ya dakika, idadi ya beti na viitikio, nani anaingia wapi, na wimbo unaishaje. Huo mwisho ndio unaozua ubishi mwingi studioni. Bendi zimezoea kumalizia kwa kutazamana jukwaani na hazijawahi kuuamua. Ufunguo upimwe mwimbaji akiwa amechoka, mwishoni mwa mazoezi, maana noti anayoidaka mara moja kwa bahati hataifikia kwenye teki, yaani jaribio la kurekodi, la sita. Mazoezi yarekodiwe kwa simu na yasikilizwe kesho yake, siyo palepale, kwa kuwa palepale kila mtu husikia ala yake tu. Suala la kliki, ile tik-tik ya kasi isiyobadilika masikioni, liamuliwe hapa pia. Kuna nyimbo za benga zinazosogea mbele kidogo gitaa zinapochukua usukani baada ya maneno, na ukizifunga kwenye kliki moja zinakufa. Unaweza kuiacha kliki kabisa, au kuipanga kwenye programu ipande pigo mbili tatu mahali panapohusika. Kisichofaa ni mpiga dramu kukutana na kliki kwa mara ya kwanza siku ya kurekodi, saa ikiwa inalipiwa.

Tofauti huonekana kwenye hesabu ya siku. Studioni saa mbili au tatu za kwanza huenda kwa kupanga maiki za dramu na kurekebisha hedifoni za kila mtu, hata bendi iwe hodari vipi. Bendi iliyoiva baadaye hutoa msingi wa nyimbo nne au tano kwa siku. Isiyoiva hutoa mbili, na ya pili husikika kama watu wenye njaa. Kwa hiyo siku mbili za studio zinaweza kubeba msingi wa albamu ya nyimbo nane au kubeba nusu yake, na kinachoamua ni wiki za mazoezi zilizotangulia.

Msingi ndio ninaousema uende studio bila kusitasita, kama una dramu za kupigwa na mtu. Seti ya kawaida hutaka maiki nane hivi: moja ya dramu la mguu, mbili za sneya juu na chini, tatu za tomu, mbili za matoazi. Intafesi ya njia mbili, kile kifaa cha kuunganisha maiki na kompyuta ambacho wengi huanzia nacho nyumbani, haifiki. Lakini hata ukiazima ya njia nane, chumba kitakuangusha. Chukua nyumba ya kawaida ya ghorofa yenye dari la mita 2.6. Toazi liko mita 1.1 kutoka sakafuni, maiki iko mita 1.9. Sauti ya moja kwa moja husafiri sentimita 80 hadi kwenye maiki. Ile inayogonga dari na kurudi husafiri mita 2.2, hivyo hufika milisekunde nne hivi baadaye. Hizo mbili zikikutana hufutana kwenye masafa fulani na kujazana kwenye mengine, kuanzia chini kabisa hadi juu, na toazi husikika kama bati linalosuguliwa. Ukilipunguza kwenye miksi unapunguza na toazi lenyewe. Studio yenye dari refu au lililofunikwa vizuri inauza hasa kitu hicho, na ndicho cha kukagua unapokwenda kuiona. Piga makofi katikati ya chumba, usikilize, kisha uliza kuhusu maiki.

Makosa mengine ya siku hiyo ni madogo na yana tiba. Ngozi za dramu na nyuzi za gitaa zibadilishwe siku moja kabla, maana nyuzi mpya hulegea kwa saa kadhaa na utakuwa unazikaza kila teki. Maiki ya chini ya sneya igeuzwe polariti, yaani wimbi lake lipinduliwe, la sivyo hizo mbili zitavutana na sneya itakonda. Simu zote ziwekwe mbali na amplifaya. Besi ichomekwe moja kwa moja kwenye intafesi huku mpigaji akiwa chumba kimoja na mpiga dramu, wakionana macho. Hapo besi haiingii kwenye maiki za dramu na ukitaka kuirudia nyumbani baadaye hakuna atakayejua.

Vokali ni habari nyingine. Hapa watetezi wa nyumbani wana hoja nzito, na wanaoibeza wanajidanganya. Mwimbaji anayeitazama saa ya studio huimba kama mtu anayelipia maegesho. Nyumbani anaweza kurudia ubeti mpaka ukae, akalala, akaamka sauti ikiwa na mkwaruzo unaofaa, akarudia tena. Hakuna bajeti ya kujitegemea inayoweza kununua muda wa namna hiyo. Kinachohitajika ni chumba kisichosema uongo na kisicho na jirani mwenye kelele, na vyote viwili hupatikana kwa gharama ndogo kuliko watu wanavyodhani, ilimradi pesa zisiende kwenye vitu visivyofanya kazi.

Trei za mayai hazifanyi kazi. Zirudisheni kwa mama wa duka. Sifongo nyembamba ya sentimita mbili tatu inayouzwa kwa mtindo wa mapambo hunyonya sauti za juu tu na kuacha zile za kati na za chini zikizunguka, ndipo vokali ikasikika kama imetolewa ndani ya sanduku. Kinachonyonya ni unene na nafasi. Fundi seremala anaweza kukutengenezea fremu za mbao za sentimita 60 kwa 120, ujazwe ndani pamba ya mawe yenye unene wa sentimita 10, ile inayotumika kuzuia joto kwenye maboila na oveni, kisha ufunikwe kwa kitambaa ambacho ukikiweka mdomoni unaweza kupumua kupitia kwake. Fremu sita hubadilisha chumba. Kama hata hizo hazinunuliki, blanketi nzito au mapazia mazito ya mtumba kutoka Gikomba, yakitundikwa sentimita 20 au 30 kutoka ukutani badala ya kubandikwa ukutani, husaidia sana. Muhimu zaidi ni mahali pa kuyaweka. Watu huzungushia maiki vizuizi kwa nyuma, ilhali maiki nyingi za kuimbia husikia mbele, na mbele yake ni mwimbaji na ukuta ulio nyuma ya mgongo wake. Ukuta huo ndio wa kufunika kwanza. Kabati la nguo lililofunguliwa nyuma ya mwimbaji hushinda vifaa vingi vya dukani.

Kisha kuna mji wenyewe. Paa la mabati linakufungia kazi msimu wa mvua ndefu za Machi hadi Mei na ule wa vuli, Oktoba hadi Desemba. Lang'ata na South C kuna ndege za uwanja wa Wilson. Saa nzuri kwa mitaa mingi ni kati ya saa nne usiku na saa kumi alfajiri, ila Ijumaa kuna kesha na Jumapili spika za kanisa huanza mapema. Kwenye mazingira hayo maiki ya kondensa, inayosifiwa kwa kunasa kila kitu, itanasa kila kitu kweli, hadi pampu ya tangi la maji. Maiki ya dainamiki kama Shure SM58, mwimbaji akiwa karibu, mara nyingi hutoa vokali inayotumika zaidi. Shure SM7B nayo ni nzuri, lakini hutaka kuongezwa nguvu kwa desibeli 60 hivi, na intafesi ya bei nafuu ikisukumwa hapo huanza kuvuma. Rekodi kwa biti 24, vilele vikigusa kati ya desibeli hasi 12 na hasi 10. Hakuna sababu ya kukaribia sifuri. Bafa, yaani kipande cha sauti ambacho kompyuta hukishika kabla ya kukipitisha, iwe sampuli 128 wakati wa kuimba, ambazo kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde ni chini ya milisekunde tatu kila upande, ili mwimbaji asijisikie akichelewa. Ukisikia mngurumo wa hezi 50, chomoa chaja ya laptopu na urekodi kwa betri. Mara nyingi huishia hapo. Betri hiyohiyo hukuokoa stima inapopotea katikati ya teki.

Lakini chumba hichohicho kisikudanganye kwamba kinafaa kwa miksi. Chumba cha mita tatu kwa mita tatu, kama vyumba vingi vya kulala vya mjini, hukusanya masafa ya karibu hezi 57 kutoka urefu wake na hezi 57 nyingine kutoka upana wake. Waya wa A wa gitaa la besi, ukiachwa wazi, ni hezi 55. Maana yake noti hiyo na jirani yake hunguruma chumbani kuliko zilivyorekodiwa. Ukikaa mahali panaponguruma utapunguza besi, ukikaa katikati ya chumba, ambapo mawimbi hayo hufutana, utaiongeza. Kwa vyovyote vile, wimbo ukipanda matatu utakuaibisha, aidha kwa kukosa tumbo au kwa kutikisa vioo. Ndiyo sababu naweka miksi kwenye kundi la vitu vya kulipia mtu mwingine mwenye chumba kilichopimwa na, zaidi, masikio ambayo hayajausikia wimbo huo mara mia mbili.

Nirudi kwenye programu, kwa sababu hoja ya kwamba zitarekebisha kila kitu ndiyo dhaifu kuliko zote na ndiyo inayowagharimu watu. Programu za kutenganisha sauti, nyingi zake, zilifunzwa kugawa muziki katika mafungu manne: vokali, dramu, besi, na nyinginezo. Zilifunzwa zaidi kwa pop na roki za Magharibi. Sasa zipe mpiga nyatiti. Nyuzi zake nane, sauti yake ya kuimba, njuga za gara mguuni na pete ya chuma ya kidole cha mguu inayogonga mbao vyote hutoka kwa mtu mmoja kwa wakati mmoja. Programu haina fungu la hayo. Njuga huweza kuvutwa upande wa dramu, nyuzi za chini zikaenda kwa besi, na vokali ikatoka imebeba mikia ya nyuzi. Ukivirudisha pamoja unapata kitu kilichochakaa. Kumrekodi vipande vipande, leo nyuzi na kesho sauti, nako humvunja, maana mguu, mkono na koo lake ni mwendo mmoja. Dawa yake ni ya zamani: chumba tulivu chenye sauti nzuri, maiki moja sentimita 30 hivi kutoka kwenye ngozi ya nyatiti, ya pili karibu na mguu, ya tatu mdomoni, kila moja ikielekezwa ili mgongo wake uangalie kile isichotakiwa kusikia, na nyuzi zikazwe upya kati ya teki na teki. Siku moja ya namna hiyo kwenye studio nzuri inatosha kwa nyimbo nyingi, kwa kuwa nyongeza ni chache.

Hata kwa muziki wa kawaida, kuondoa mwangwi kuna bei yake. Maneno ya Kiswahili huishia kwa irabu, na mkia wa irabu ndio unaofanana na mwangwi wa chumba. Programu ikiukaza mkasi, hukata mwangwi pamoja na mwisho wa neno, na mwimbaji akabaki kama anayemeza herufi. Sauti iliyopasuka kwa kuingia kwa nguvu nayo hairudi. Programu hubuni kilichokuwepo. Na hakuna hata moja itakayompa mpiga dramu na mpiga besi uelewano ambao hawakuwa nao.

Upande wa studio nao una hoja yake ya hovyo: kwamba vifaa ghali husikika. Tofauti kati ya kiongeza nguvu cha maiki cha bei ya gari na kile kilichomo ndani ya intafesi ya kawaida ipo, lakini ni ndogo kuliko tofauti ya kusogeza maiki sentimita 10. Studio inayokuonyesha kwanza ukuta wa taa zinazowaka inakuuzia picha. Hoja yake ya kweli ni chumba, fundi wa sauti anayejua kupanga maiki nane bila zigongane, na nidhamu ya siku iliyopangwa.

Kwa pesa, tuseme una Sh300,000 na nyimbo nane. Huu ni mgawanyo wa uwiano tu. Bei za studio mjini hutofautiana mno. Ningeweka Sh45,000 kwa mazoezi, zikiwemo nauli na chakula cha wanamuziki. Sh120,000 ziende kwa siku mbili za msingi studioni na malipo ya wapigaji. Sh30,000 kwa kutengeneza chumba cha vokali na kuazima maiki. Sh75,000 kwa miksi na Sh30,000 kwa masta na nakala za akiba. Wengi hufanya kinyume: nusu ya pesa kwenye vifaa, robo kwenye video ya wimbo wa kwanza, na kinachobaki kwenye muziki. Picha ya jalada, video na matangazo yawe mfuko tofauti kabisa. Yakiingia mfuko huu, cha kwanza kukatwa huwa mazoezi kwa sababu hayaonekani.

Kwenye masta ubishi mkubwa ni wa ukubwa wa sauti, na wengi wanaupotosha. Spotify husawazisha nyimbo hadi karibu hasi 14 kwa LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti inavyosikika. Wimbo uliobanwa hadi hasi 8 hushushwa desibeli sita, ukabaki na ubapa wake bila faida ya kelele. Ila matatu na spika za harusi hazisawazishi chochote, kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kila mtu alenge hasi 14. Usikilizwe kwanza wimbo wenyewe unavumilia nini, kilele halisi kiachwe chini ya desibeli hasi 1, na masta ijaribiwe kwenye spika ya simu, gari na hedifoni za bei ya chini kabla ya kupitishwa.

Kuna njia moja inayoonekana rahisi kuliko zote nilizotaja: prodyuza kujitolea kurekodi bure. Hapa sheria ina la kusema. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, mwenye rekodi ya sauti kwa asili ni yule aliyefanya mipango ya kuwezesha rekodi hiyo kufanyika, na haki hiyo hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Asiyelipa wala kupanga chochote, akaja tu kuimba, ana hoja dhaifu akidai masta, yaani rekodi yenyewe, ni yake. Utunzi ubaki wa mtunzi, sawa, lakini rekodi ni mali nyingine. Ndiyo pia mantiki ya vyama vya kukusanya mirabaha vilivyoundwa kwa makundi matatu: MCSK kwa watunzi, KAMP kwa wenye rekodi, PRISK kwa waliopiga na kuimba. Anayejilipia albamu anaweza kuwa na haki katika makundi yote matatu, hata kama mivutano ya leseni za vyama hivyo inachosha. Marekebisho ya 2022 yaliyotenga asilimia 52 ya mapato ya miito ya simu kama Skiza kwa mwenye haki yanamaanisha swali la nani ni mwenye haki lina pesa ndani yake. Karatasi ya asilimia za utunzi isainiwe siku ya mazoezi ya mwisho, na mkataba wa umiliki wa masta usainiwe kabla ya teki ya kwanza. Baada ya wimbo kushika, kila mtu hukumbuka kwamba yeye ndiye aliyetoa wazo la kiitikio.

Idadi ya nyimbo nayo iangaliwe upya. Tangu 2024 Spotify hailipi wimbo usiofikisha kuchezwa mara 1,000 katika miezi 12 iliyopita. Albamu ya nyimbo 14 ambayo mbili tu ndizo zinazosikilizwa hubeba 12 zilizogharimu studio, miksi na masta bila kurudisha hata senti. Wapo wanaosema albamu ni kazi ya sanaa isiyopimwa kwa idadi ya kuchezwa, nami nakubali kwa anayeweza kuimudu. Kwa mwenye mfuko mwembamba, pesa zikipungua zikatwe nyimbo: nane ziwe tano, lakini siku za mazoezi na chumba cha dramu vibaki. Kurekodi msingi wa nane kwa siku mbili, kisha kupeleka kwenye miksi tano zilizotoka vizuri, ni mpango unaofanya kazi, na tatu zilizobaki hungoja pesa nyingine.

Zitangoja tu kama una faili zake, na hapa ndipo wengi hupotezea albamu nzima. Njia moja ya biti 24 kwa kasi ya 48,000 huchukua megabaiti 8.6 hivi kwa dakika. Wimbo wa dakika tano wenye njia 16 ni kama megabaiti 690, teki tatu ni gigabaiti mbili, nyimbo nane ni gigabaiti 17. Zinaenea kwenye fleshi ya gigabaiti 32, kwa hiyo studio haina kisingizio cha kusema ilifuta kwa kukosa nafasi. Dai kila njia kama faili ya WAV, zote zikianzia sekunde ya sifuri hata pale ala inapoingia dakika ya tatu, zikiwa na majina yanayosomeka na kasi ya wimbo imeandikwa. Zifungue kwenye kompyuta nyingine na programu nyingine, usikilize kila wimbo mwanzo hadi mwisho, zinakili sehemu tatu, mojawapo nje ya nyumba yako, kisha ndipo umalizie salio la malipo.